Maji ya Stanslaus

5 Novemba

Leo jirani yangu Stanslaus amekata minyaa ya mpakani. Hakuniita. Nimetoka kanisani nikakuta watu watatu wenye mapanga wameshamaliza, wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma ili utomvu usiwaingie machoni, na ule weupe umetapakaa njia nzima.

Minyaa ile aliipanda baba mkwe wangu enzi hizo, hapa pakiwa mashamba ya choroko na pamba, kabla mji wa Shinyanga haujatufuata na mawe yake ya upimaji. Kwetu minyaa ya mpaka haikatwi mwenzako asipokuwepo. Mnasimama wawili, kila mmoja upande wake, mnakubaliana, ndipo panga linashuka. Nilipomwuliza, Stanslaus alisema mpaka wa siku hizi uko kwenye ramani, Mwalimu, hauko kwenye miti.

Alisema "Mwalimu" kwa adabu kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

9 Novemba

Malori mawili ya tofali yameshushwa. Vumbi lote limeingia kwangu.

14 Novemba

Ukuta unapanda. Fundi Donatus, ambaye nilimfundisha darasa la tatu, alikuja kuniomba maji ya kunywa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alimshauri bosi aache matundu chini ya ukuta, maana mkondo wa maji ya kule mlimani unapita katikati ya kiwanja chake tangu zamani. Bosi amekataa. Kasema matundu yanaleta nyoka na watu wa kuchungulia.

Mtu aliyepata hela za dhahabu Mwakitolyo, akakaa miaka sita kwenye mashimo kununua mawe ya watu, leo anaogopa kuchunguliwa. Nimemwambia Donatus amkumbushe kwamba maji hayana kiwanja. Donatus alicheka tu, akarudi kazini.

20 Novemba

Geti limefungwa. Jeusi, refu. Sasa nyumba ya jirani naiona bati tu. Nimeishi hapa miaka ishirini na nane na sijawahi kukaa karibu na mtu nisiyejua anakula nini.

2 Desemba

Jiko limeanguka.

Mvua ilianza saa nane mchana. Maji yalishuka kutoka mlimani kama kawaida yake, yakafika kwenye ukuta wa Stanslaus, yakatafuta njia yao ya zamani, yakaikosa. Yakageuka. Yote, nasema yote, yakaingia kwangu. Nilisimama barazani na ungo mkononi, nikatazama tofali za tope alizofyatua marehemu mume wangu zinalainika moja moja. Ukuta wa nyuma ulikaa chini taratibu, halafu paa likafuata. Mafiga yangu matatu yamebaki yamekaa katikati ya dimbwi.

Mvua ilipokatika nilikwenda kugonga geti. Stanslaus alitoka na mwavuli. Alitazama, akasema pole sana, akasema suala la mifereji ni la manispaa, niandike barua. Nikamwambia jiko langu halikuangushwa na manispaa. Akasema pole tena, akafunga geti.

Nilikwenda kwa Mzee Ngassa, mwenyekiti wetu wa mtaa. Naye akasema tuwe na subira, yule ni kijana wa maendeleo. Mzee Ngassa alikula pilau ya kufungulia nyumba ile. Bado inampanda kooni.

Nimelia kidogo, halafu nikaacha. Dawa ya moto ni moto. Ya maji nitaitafuta.

3 Desemba

Nimejaza viroba kumi na vinne vya mchanga, nimevipanga kulizunguka jiko lililokufa na ukuta wa chumba changu. Mgongo haunifai kitu.

6 Desemba

Nimeipata dawa.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuzikana. Mtaa wetu una watu wa kila kabila siku hizi, wengine wamepanga, wengine wamejenga juzi, lakini kanuni tumeichukua kama ilivyokuwa kwa wazee wa Kisukuma. Msiba ukitokea, rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mti wa kwa Ngassa inagongwa, na kila kaya inatoa mtu. Mtu, si kitu. Wanaume wanachimba, wanawake wanateka maji na kupika. Mimi naandika waliofika. Kaya ikikosa misiba mitatu mfululizo, jina lake linafungwa: haisalimiwi, haiuziwi, haiazimwi moto, na ikifiwa inazika yenyewe. Atakayeivunja amri, naye anafungwa.

Nimefungua daftari. Tangu ahamie, tumezika mara moja tu, Oktoba, mzee Masalu. Kwenye kaya ya Stanslaus hakuna alama. Alileta gunia la mchele kwa gari, gari likageuza.

Nimeita majina ya watoto shuleni miaka thelathini na moja. Najua uzito wa jina lisiloitikiwa.

11 Desemba

Mvua. Viroba vimeshika. Nimekesha nikisikiliza.

17 Desemba

Geti limefunguliwa na kikongwe ametoka na kigoda chake, akaketi nje kwenye visiki vya minyaa. Ni mama yake Stanslaus, Bibi Limi, ameletwa kutoka Samuye kwa matibabu ya moyo. Akaniamkia yeye kwanza kwa Kisukuma, mimi mdogo wake kwa miaka ishirini: "Mwangaluka, mayu." Nikaona haya, nikamjibu mbio.

Aliuliza nani aliyekata minyaa. Nikamwambia mwanao. Akauliza kama nilikuwepo. Nikasema sikuwepo. Alitazama visiki kimoja kimoja, kisha akasema huku mjini mtu anaumwa na jirani anajua kwa mlio wa gari.

Simchukii. Nimejaribu na nimeshindwa.

23 Desemba

Msiba wa pili, kwa yule mama muuza mkaa wa njia ya juu. Stanslaus katuma gunia. Kaya yake hakuna mtu. Nimeacha nafasi tupu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

29 Desemba

Bibi Limi kaniletea nsansa, majani ya kunde aliyokausha mwenyewe. Nimezipika na karanga, tamu. Nimekula huku nikihesabu: bado mmoja.

Nimejishtua. Nahesabu misiba ya watu kama mtu anayesubiri embe ziive.

14 Januari

Wa tatu. Amefariki mtoto wa mpangaji wa nyumba ya bluu, homa ya siku mbili. Sitaandika mengi juu ya mtoto, kalamu haitaki.

Nitaandika hili lingine, kwa sababu kama sitaliandika hapa halitakuwa limeandikwa popote. Mke wa Stanslaus alikuja. Anaitwa Bhoke, Mkurya wa Tarime, mrefu. Aliingia kwa uani kwa miguu, amejifunga kanga, akaketi kwenye masufuria akayasugua kwa majivu tangu saa tatu hadi saa kumi. Hakuna aliyemtambua. Nani angemtambua? Geti lile limewafanya wawe watu wa hadithi tu. Lusia, mwenye genge, alidhani ni shangazi wa wafiwa na akampa pole.

Mimi namjua, huwa namwona geti likifunguka. Alipomaliza alikuja mbele yangu, mikono imekauka kwa majivu, akaniuliza kama kaya yao nimeiona. Nikamwambia, "Nimekuona, mama." Akashukuru, akaondoka.

Sikuandika.

15 Januari

Nimefungua daftari mara mbili. Kalamu ninayo. Jiko sina.

30 Januari

Mvua kubwa. Maji yamepanda juu ya viroba na kuingia chumbani. Nimeinua godoro juu ya meza. Picha ya harusi imelowa, mume wangu amefutika kuanzia kifuani kushuka chini. Kama nilikuwa na shaka, imekwisha.

4 Februari

Kikao. Nimesimama, nimesoma misiba mitatu na kaya zilizokosa. Moja tu. Mzee Ngassa aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Stanslaus hakuwepo, vikao vyetu haviitwi kwa simu. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, nikamwomba Mungu mtu mmoja aseme alimwona mwanamke mrefu kwenye masufuria. Halafu nikaomba asiseme.

Jina limefungwa. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi kama niliyetua debe la maji kichwani.

8 Februari

Raha. Sitajificha kwenye shajara yangu mwenyewe. Bhoke alikwenda gengeni, Lusia akafunika nyanya kwa gunia mbele yake. Mwenye bomba la jirani kasema maji yamekatika huku ndoo ya mwenzake inajaa. Stanslaus amesimamisha gari mbele ya wanaume waliokuwa wakicheza bao, akasalimia, wakaendelea kuhamisha kete. Alisimama pale na dirisha wazi kwa muda, kisha akaondoka.

Sasa naye amejua maana ya kugonga mahali pasipofunguliwa.

12 Februari

Bibi Limi alikuwa kwenye kigoda chake. "Mwangaluka, mayu."

Nilipita. Kanuni ni ya kaya nzima. Nilisikia anarudia, kwa sauti ya juu kidogo, akidhani sikusikia.

13 Februari

"Mwangaluka, mayu." Nikapita.

15 Februari

Leo nimezunguka njia ya nyuma, ya shimo la taka, ili nisimpite.

19 Februari

Kigoda hakipo. Mvua ndogo.

22 Februari

Bado.

27 Februari

Bibi Limi amefariki alfajiri. Nimejua kwa mlio wa gari, kama alivyosema. Lilitoka mbio, likarudi polepole.

Rimu haijagongwa. Mtaa mzima umejua na mtaa mzima umekaa ndani. Ndugu wa Samuye wamekwama, njia ya kijijini imejaa maji. Saa nne gari la Stanslaus limeshusha watu wanne kutoka Mwakitolyo, wenye sururu na taa za kichwani, wakaenda makaburini. Hela inanunua wachimbaji. Donatus aliwaona, anasema wanachimba kaburi kwa haraka na limenyooka pembe zote kama shimo la dhahabu, ila hakuna hata mmoja anayejua aliyekufa anaitwa nani.

Saa tano Bhoke aligonga mlango wangu. Nilijiandaa anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Mwalimu, sikuja kudai jina," alisema. "Siku ile uliniona, nami najua uliniona, hayo tuyaache. Nimekuja kuomba mtu mmoja. Mama ni mzito, na peke yangu siwezi kumgeuza nikamwosha mgongo."

Nilitazama nyuma yake, kwenye ukuta. Nilitamani sana kumwambia aandike barua manispaa. Neno lilikuwa limekaa hapo tayari, miezi mitatu nilikuwa nimelitunza. Halikutoka.

Nimekwenda. Mara ya kwanza kuingia geti lile. Ndani kuna sakafu ya vigae, kochi kubwa, na chumba kidogo cha uani ambako bibi alilazwa kwa sababu ngazi zilimshinda. Kigoda chake kilikuwa dirishani, na dirisha linatazama ukuta. Tulimwosha. Bhoke alishika mabega, mimi nikaosha mgongo. Alikuwa na makunyanzi ya watu waliolima. Nilimwamkia pale, kwa sauti, Mwangaluka mayu, na Bhoke akajifanya anatafuta taulo.

Stanslaus alikuwa amesimama koridoni, viatu mkononi. Sikumpa pole.

Saa saba nilikwenda kwa Ngassa, nikachukua nondo, nikaigonga rimu mimi mwenyewe mpaka mikono ikafa ganzi. Watu walitoka. Nikawaambia kaya ile ilileta mtu kwenye msiba wa mtoto, kwamba yule wa masufuria ndiye Bhoke, nilimwona, nikamwacha kwa makusudi. "Daftari limesema uongo na mwenye uongo ni mimi. Nifungeni baadaye, sasa twendeni tukamzike mama wa watu."

Lusia alishika mdomo. Hakuna aliyeniangalia. Lakini walikwenda, wanawake na kuni, wanaume na majembe, wakawakuta wale wanne wa Mwakitolyo wakawasogeza kando, wakalimalizia kaburi kwa mikono ya mtaa.

3 Machi

Kikao. Jina la Stanslaus limefunguliwa. Langu limefungwa, mpaka nitakapolisha faini: mbuzi mmoja na wali, nipike kwangu, kaya zote zije kula, na kaya isiyofika inahesabiwa imekosa msiba. Daftari amepewa Lusia. Nimelikabidhi likiwa limefungwa kwa uzi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimeingia kwa miguu yangu.

Mzee Ngassa aliniuliza faini itakuwa lini. Nilitaka kusema kesho, mbuzi ninaye. Kisha nikasikia mvua ikipiga bati la ofisi ya mtaa, na jambo likanijia kichwani, zima, limeiva. Nikasema mbuzi bado mwembamba, wanipe muda.

5 Machi

Hakuna anayenisalimia. Nyanya nimezifuata sokoni mjini kwa bodaboda.

6 Machi

Nimekutana na Stanslaus njiani. Amenipita akitazama mbele. Tangu ahamie hapa hii ndiyo kanuni ya kwanza ya mtaa aliyoishika.

7 Machi

Jua.

9 Machi

Jua. Mbuzi ananenepa kweli.

11 Machi

Jua kali. Ngassa, ambaye kama mwenyekiti anaruhusiwa kusema nami, amekuja kuuliza. Nimemwambia mbuzi anaharisha. Mbuzi alikuwa nyuma yake, anatafuna kamba.

13 Machi

Jua. Siku kumi bila neno la mtu ila Ngassa. Nimejikuta nawaeleza kuku habari za mume wangu. Nimefikiria kuchinja kesho niishe. Halafu nimetazama mafiga yangu matatu yaliyokaa peke yao, nikasema hapana.

15 Machi

Jioni upepo umegeuka. Kumbikumbi wametoka. Vifundo vya miguu vinaniuma vyote viwili.

16 Machi

Wingu mlimani, zito, limekaa hapo hapo. Nimetuma habari kwa Ngassa: kesho, saa nane mchana.

17 Machi

Nimechinjiwa mbuzi asubuhi. Nimepikia barazani, kwenye majiko ya mkaa. Saa sita, kabla wageni hawajafika, nimeviondoa viroba vyote kumi na vinne, kimoja kimoja, nikavipanga nyuma ya choo. Mgongo leo haukuuma hata kidogo.

Mabenchi ya msiba niliyapanga chini, pale jiko lilipokuwa, nikafunga turubai juu. Walikuja wote, maana nani anataka kuhesabiwa amekosa? Stanslaus alikuja na Bhoke, amevaa viatu vya ngozi vya rangi ya asali. Nilimwonyesha nafasi yake, benchi la katikati, kati ya mafiga. Adabu tupu.

Kanuni ya faini ni moja na kila mtu anaijua: huliwa ikaisha, na hakuna anayesimama kabla mzee hajanawa. Mzee Ngassa ana meno manne.

Mvua ilianza sahani zikiwa zimejaa. Walisogea chini ya turubai, wakacheka, wakasema hii ni baraka. Nilikuwa najua tangu ianze kunyesha mpaka maji ya mlimani yafike ni muda wa kuchemsha chai. Nilisimama barazani na mwiko nikasubiri. Yalikuja kwanza kama ulimi kandokando ya ukuta, mekundu, yakanusa miguu ya benchi la kwanza. Halafu yakaja yenyewe.

Wanawake walipandisha kanga. Lusia alilikumbatia daftari kifuani. Maji yalifika kwenye vifundo, yakapita, yakabeba ndala ya mtu na mfupa wa mbuzi, na hakuna aliyesimama, maana Ngassa bado alikuwa anatafuna. Stanslaus alikula akitazama sahani. Viatu vyake sikuviona tena. Mimi nilipita katikati yao na sufuria, maji magotini, nikiwaongezea wali. Nilimwongezea yeye miiko miwili.

Mzee Ngassa aliinua miguu, akakosa pa kuiweka, akairudisha. "Haya maji yanatoka wapi?" akauliza.

Sikujibu. Jina langu lilikuwa bado limefungwa, aliyefungwa hasemi mpaka faini iishe. Nilinyamaza kwa furaha ambayo sijaipata tangu niolewe.

Bhoke ndiye aliyejibu. Aliweka sahani mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Yanatoka kwetu."

Baada ya hapo ilikuwa mvua tu na vijiko. Walikula mpaka mwisho, wote thelathini na kitu, wameketi ndani ya maji ya Stanslaus kama viboko. Ngassa aliponawa, alinawia hapo hapo alipokaa.

18 Machi

Nimeamshwa na nyundo. Donatus anatoboa ukuta chini, matundu sita, mapana, yamefuatana. Stanslaus alisimama karibu naye amevaa mabuti ya mpira. Hakunitazama, nami sikumshukuru. Nilikunywa uji wangu barazani mpaka tundu la mwisho.

Lusia kapita akaniamkia. Ngassa naye. Nimewaitikia wote kama mtu mwenye haraka zake.

20 Machi

Mvua. Maji yamepita njia yao.

Nilikuwa nazoa tope pale kwenye mafiga nikasikia sauti upande wa pili, chini, kwenye tundu. Bhoke alikuwa ameinama anaondoa majani yaliyoziba. Akaniona, akasema, kwa Kisukuma cha Kikurya, "Mwangaluka, mayu." Amejifunza kwa nani, hakuna haja ya kuuliza. Nilimjibu kabla hajamaliza, kisha nikaketi palepale kwenye tope mpaka pumzi iliporudi.

Kwa bibi nitapeleka mche wa minyaa makaburini, tumeshaelewana na Bhoke, tutasimama wawili. Stanslaus sijamsamehe. Jiko nitalijenga Mei, udongo ukikauka, na mlango wake nitauelekeza kwenye ukuta ule, ili kila ninapopika moshi wangu uende moja kwa moja kwake.